KAMERA YA VIDEO: NUNUA KWA MASIKIO, SI KWA MACHO

HIVI msomaji wangu mpenzi, nikikuuliza swali utanijibu kwa dhati? Hapo kwako kuna video ngapi za harusi? Tatu? Saba? Haya. Kati ya hizo, ni ngapi ambazo ndani yake unamsikia mama yako mzazi akisema walau maneno kumi mfululizo, kwa sauti yake mwenyewe, bila muziki juu yake?

Najua umenyamaza. Nimewauliza wengi, na wengi wamenyamaza vivyo hivyo.

Jirani yangu, ambaye ni shoga'angu wa siku nyingi, anao mkanda wa sendofu yake ya mwaka 1997. Baba yake ameshatangulia mbele ya haki, na mkanda huo ndio kitu pekee walichobaki nacho ambamo mzee anatembea na kucheka. Katikati ya shughuli mzee anasimama, anapewa maiki, anamuusia binti yake. Ukumbini watu wanajifuta machozi. Midomo ya mzee inakwenda dakika nne nzima. Na sauti? Taarabu! Fundi wa video aliona maneno ya mzee ni marefu, akaweka wimbo juu yake, kama ilivyokuwa desturi ya mafundi wengi siku zile. Leo shoga'angu anakumbuka kwamba alilia, lakini alichoambiwa hakikumbuki chote. Na wanawe hawajawahi kuisikia sauti ya babu yao.

Basi ndiyo maana wiki hii nimeweka kando mapishi na mishono, nizungumzie kamera ya video. Siyo ile kubwa ya biashara inayobebwa na kijana mwenye kizibao. Nasema kamera ndogo ya nyumbani, ya bei ambayo kabwela mwenzangu anaweza kuifikia. Shoga'angu ameamua kununua moja kwa ajili ya mama yake, ambaye bado yupo na akili zake timamu, na mimi ndiye niliyemsindikiza Kariakoo. Ngoja nikupe yote, na wewe usije ukaingia mkenge.

HARUSI SIYO NYUMBANI

Kwanza tuelewane. Harusini kuna taa kali, kuna mpiga video aliyelipwa, na kila mtu amejipamba. Nyumbani ni kitu kingine kabisa. Nyumbani ni mama anachambua mchele huku akikusimulia walivyohama kutoka kijijini. Ni mtoto anaanza dede. Ni baba anabishana na redio. Hayo yanatokea bila taarifa, kwenye sebule yenye taa moja, feni inazunguka na jirani kafungulia muziki.

Kwa hiyo kamera ya nyumbani inatakiwa iwe na sifa tatu tu za lazima: isikie vizuri, ione kwenye mwanga mdogo, na iwe rahisi kiasi kwamba mtu yeyote wa nyumba ile anaweza kuiwasha kabla jambo halijapita. Mengine yote ni mapambo.

TUMETOKA MBALI

Wenye umri wangu wanakumbuka. Mwaka 1983 kampuni ya Sony ilitoa kamera iliyoitwa Betamovie, ya kwanza ya matumizi ya nyumbani kuunganisha kamera na mashine ya kurekodi katika mwili mmoja. Ilikuwa ya kubeba begani kama furushi, na haikuweza hata kukuonyesha ulichopiga. Sharti urudi kwenye deki. Katikati ya miaka ya 1980 ukaja mkanda mdogo wa milimita 8, na mwaka 1995 ukaja MiniDV, mkanda wa kidijitali usiozidi kiberiti kwa mbali. Huku kwetu Bara vituo vya televisheni vilianza mwaka 1994, lakini deki zilikuwa zimeshatangulia. Watu walikuwa wanajazana kwa mwenye deki siku nyingi kabla ya hapo.

Kisha mwaka 2007 kukatokea kikamera kilichoitwa Flip. Kilikuwa kinaingia mfukoni, kina kitufe kimoja kikubwa chekundu, basi. Wataalamu walikicheka, wananchi wakakigombea. Mwaka 2009 kampuni kubwa ya Cisco ikainunua kampuni iliyokitengeneza kwa thamani ya karibu dola milioni 590, na mwaka 2011 ikakifunga. Kilichokiua ni simu, ambazo nazo zilikuwa zimeanza kupiga video.

Kwa nini nakusimulia haya? Kwa sababu Flip ilitufundisha kwamba watu hawataki vitufe arobaini. Kamera inayohitaji mtaalamu wa nyumba ndiyo itakayolala kabatini.

SIMU YAKO KWANZA

Sasa nitasema jambo ambalo wauza kamera hawatalipenda. Kama una simu nzuri ya miaka ya karibuni, huenda huhitaji kamera kabisa. Simu nyingi za kisasa zina sensa, yaani kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga, kubwa kuliko ya kamera ndogo za video za bei nafuu. Kwenye sebule ya giza, simu nzuri inaishinda kamera ya bei ya chini asubuhi na mapema.

Lakini simu ina magonjwa yake. La kwanza, inaita. Bibi amefika patamu, simu inalia, hadithi imekatika. La pili, inajaa. Ukitaka kupiga saa nzima inakwambia hakuna nafasi. La tatu, zumu. Simu nyingi za bei ya kawaida hazina lenzi inayosogea, kwa hiyo mtoto akiwa jukwaani shuleni utapata kitone tu. La nne, na hili ndilo baya kuliko yote, simu huibwa, huangukia kwenye ndoo, huuzwa mtu akibanwa na kodi. Ikiondoka inaondoka na kila kitu. Kamera ina kazi moja. Inakaa kwenye droo, na kadi yake inatoka.

Hivyo shauri langu ni hili. Kama mfuko umekauka, nunua maiki ya bei ndogo kwa ajili ya simu yako, weka simu katika hali ya ndege isipokee mtu, ilaze kwa upana, na uanze leo. Kama unao uwezo kidogo, twende dukani.

KISA CHA KARIAKOO

Tulipoingia duka la kwanza, kijana alitupokea kwa bashasha zote.

"Karibuni mama zangu! Mnatafuta simu?"

"Kamera ya video," shoga'angu akajibu.

"Mmeshafika. Hii hapa, 4K, megapikseli 48, zumu mara 18, na rimoti yake. Bei ya kutupa."

Kwa sura kamera ilikuwa nzuri, nyeusi, inang'aa. Nikamwomba aiwashe. Nikasimama mlangoni, nikaielekeza kwenye kibao cha duka la ng'ambo ya mtaa, nikabonyeza zumu. Lenzi haikusogea hata nukta. Herufi zilikuwa kubwa, ndiyo, lakini zilikatika-katika zikawa viboksi.

"Mbona maandishi hayasomeki?" nikamuuliza.

"Hiyo ni kwa sababu kioo chake ni kidogo, mama. Kwenye tivii inatulia."

"Basi tuiweke kwenye tivii."

Tivii ilikuwepo pale pale dukani. Kebo ilitafutwa, ikapatikana. Uso wa shoga'angu ukatokea kwenye tivii kama umefutwa na kitambaa chenye masizi. Kijana mwenyewe akacheka.

"Mama, kumbe wewe fundi?"

"Mimi mnunuzi," nikamwambia.

Msomaji wangu, picha ya 4K ya kweli ina vitone 3,840 kwa upana na 2,160 kwa urefu, jumla yake zaidi ya milioni 8. Kamera nyingi za bei rahisi zinazojiita 4K hazipokei vitone hivyo. Zinapokea vichache, halafu zinavitanua vifike idadi. Ni kama kusukuma chapati: waweza kuisukuma mpaka ifunike meza, unga ni ule ule. Na ile zumu mara 18 ni ya kidijitali. Kamera inakata kipande cha katikati ya picha na kukikuza. Zumu ya kweli ni ya lenzi, vioo vinasogea ndani.

Utaitambuaje? Soma namba zilizoandikwa kuzunguka lenzi. Kwa mfano Sony HDR-CX405, iliyotoka mwaka 2015, ina maandishi ya kutoka 1.9 hadi 57.0. Gawanya 57 kwa 1.9, unapata 30. Ndiyo zumu yake ya kweli. Canon LEGRIA HF R806 inatoka 2.8 hadi 89.6, gawanya, unapata 32. Kamera ambayo lenzi yake ina namba moja tu, au haina namba, na boksi linakupigia kelele za mara 18, hiyo ni changa la macho. Na hata ukiziona namba mbili, fanya jaribio la kibao cha ng'ambo ya mtaa. Namba huweza kuchapwa na yeyote, kibao hakidanganyi.

Jaribu na mkono vilevile. Uweke karibu na lenzi, halafu uutoe. Kamera ya kweli itahangaika kidogo kisha italeta picha safi ya mkono, halafu ya ukuta. Ile feki haihangaiki, kwa sababu haina cha kuhangaikia. Kilicho karibu kitabaki ukungu tu.

MASIKIO KWANZA

Sasa tufike penyewe. Watu wanapojaribu kamera dukani wanatazama kioo. Hakuna anayesikiliza. Wewe nenda na visikizio vyako vya masikioni. Mwambie muuzaji asimame hatua nne kutoka kwako akuhesabie mpaka ishirini, kwa sauti ya kawaida, huku mtaa unapiga kelele zake. Kisha sikiliza ulichorekodi. Je, unamsikia muuzaji, au unasikia honi tu?

Sauti ina kanuni yake. Mahali pa wazi, ukiongeza umbali mara mbili, nguvu ya sauti inayokufikia hubaki robo. Kwa hiyo maiki iliyo ndani ya kamera, hata ikiwa nzuri namna gani, ikikaa mbali na mzee itaokota feni, jogoo na bodaboda kabla ya kumwokota yeye. Dawa ni mbili: sogea karibu, au tumia maiki ndogo ya kubana kwenye kanga au kola, yenye waya.

Hapo ndipo tundu la maiki linapokuwa na thamani kuliko megapikseli zote za dunia. Ulizia: kamera hii ina tundu la kuchomeka maiki? Siyo zote zinazo. Ile Sony CX405 niliyoitaja ina picha nzuri kwa bei yake, lakini tundu la maiki haina. Kamera kadhaa za Canon za mfululizo wa HF R zinalo. Usikubali jibu la mdomo. Onyeshwa tundu lenyewe, na kalichomeke.

Tena angalia pini ya maiki. Maiki nyingi za simu zina pini yenye mistari mitatu myeusi, wakati tundu la kamera kwa kawaida linataka pini yenye mistari miwili. Ukichanganya, waweza kupata ukimya mtupu au mvumo. Zipo waya fupi za kubadilisha, bei yake siyo ya kuogopesha.

Na kabla ya kulaumu kamera, zima feni. Zima redio. Mvua ikianza kwenye bati, ahirisha. Hakuna maiki inayoishinda mvua ya kwenye bati.

MWANGA WA SEBULENI

Kwenye maelezo ya kamera utakuta ukubwa wa sensa umeandikwa kama sehemu ya inchi. Hapa wengi wanateleza. Sensa ya 1/5.8 ni ndogo kuliko ya 1/4.85, ingawa 5.8 inaonekana kubwa. Ni kama keki: ukiigawa kwa watu sita, kipande chako ni kidogo kuliko ukigawa kwa watano. Kipande kikubwa kinapokea mwanga mwingi, na picha ya usiku inakuwa haina chenga nyingi.

Dukani, elekeza kamera chini ya meza ya muuzaji, penye kivuli. Picha ikijaa chenga zinazocheza kama siafu, ujue sebuleni kwako itakuwa hivyo hivyo. Lakini kamera zote za bei nafuu zina udhaifu huu, kwa hiyo saidia kamera yako. Piga mchana. Mkalishe mzee akitazama dirisha au mlango, wewe ukae upande wa dirisha. Ukimkalisha akilipa dirisha mgongo, utapata kivuli cheusi chenye sauti ya bibi.

UMEME WETU NA KAMERA ZA WENZETU

Hili ni la wale wenye ndugu Marekani. Mjomba anakuletea kamera nzuri, unawasha nyumbani chini ya taa ya tyubu, picha inapepesa kama disko. Unadhani mbovu. Siyo mbovu. Umeme wa Marekani unakwenda mizunguko 60 kwa sekunde, wa kwetu 50. Kamera zilizotengenezwa kwa soko la kule hupiga picha 30 au 60 kwa sekunde, na haziendani na taa zetu. Nyingi za nyumbani hazibadilishiki. Kama kamera inakuruhusu kuweka mwenyewe kasi ya kufunga lenzi, jaribu 1/100, mara nyingi kupepesa kutapungua au kuisha. Kama hairuhusu, pigia nje au kwenye mwanga wa dirisha.

Jina nalo linaweza kukusaidia. Kamera za Canon za nyumbani zilizouzwa Marekani zilipewa jina la VIXIA, na zile zile zilizouzwa Ulaya ziliitwa LEGRIA. Kwa taa zetu, LEGRIA ndiyo yako. Kwa Sony za zamani kidogo, nyingi zilizo na herufi E mwishoni mwa namba zake ni za mfumo wa PAL unaotumika kwetu. Angalia na chaja: ikiwa imeandikwa 100 hadi 240, haina neno, kapate pini ya kuunganishia tu. Ikiwa imeishia 120, usithubutu kuichomeka.

Na kamera za mtumba kutoka Japan? Zingine ni nzuri sana, lakini washa kwanza uone lugha. Baadhi zilitengenezwa kwa ajili ya soko la kwao na zinaongea Kijapani peke yake.

MTUMBA: IPI UCHUKUE, IPI UIACHE

Mimi sina ugomvi na mtumba. Kwa hela ndogo, kamera ya mtumba ya jina linaloeleweka inaweza kuishinda mpya isiyo na jina. Lakini uliza kwanza inarekodi kwenye nini.

Ikiwa ni ya mkanda wa MiniDV, picha yake bado ni nzuri, lakini kuihamishia kwenye kompyuta kunataka tundu la FireWire ambalo laptopu nyingi za leo hazina. Ikiwa ni ya DVD ndogo za sentimita 8, iache. Diski moja inabeba gigabaiti 1.4 tu, kama nusu saa hivi kwa ubora wa kawaida, na isipofungwa rasmi na kamera yenyewe mashine nyingine nyingi haziisomi. Ikiwa ni ya diski ngumu ya ndani, kumbuka kitu hicho kinazunguka na kimeshazeeka. Kikianguka kwa bahati mbaya, kumbukumbu zote zimeanguka nacho. Chukua inayotumia kadi ya SD, ambayo inapatikana kila kona ya mji.

Halafu itazame lenzi kwenye mwanga. Sisi wa pwani tuna unyevu, na ndani ya lenzi huota ukungu wenye nyuzi kama utando wa buibui. Ukiuona, rudisha kamera mezani na uage kwa heshima. Fungua kioo cha pembeni, kizungushe taratibu; picha ikikatika-katika, waya wa ndani umechoka.

BETRI NA KADI

Usitumie hela yote kwenye kamera. Tenga kama robo kwa ajili ya maiki, kadi na betri ya pili. Betri ya mtumba ni kama punda mzee: anasimama njiani bila kukuaga. Jaribu kama kamera inaweza kurekodi huku imechomekwa kwenye umeme au pawabenki, maana umeme wetu unaujua mwenyewe.

Kwenye kadi, hesabu ni rahisi. Kamera ikipiga kwa megabiti 24 kwa sekunde, saa moja inakula karibu gigabaiti 11. Kwa hiyo kadi ya gigabaiti 32 itakuchukulia karibu saa tatu. Chukua iliyoandikwa daraja la 10 au zaidi, maana yake inaandika angalau megabaiti 10 kila sekunde. Na kadi feki zipo tele: imeandikwa 128 lakini ndani ni 8, na ikijaa inaanza kula za zamani. Kabla ya kumpiga bibi, ijaze kadi yote kwa mafaili kutoka kwenye kompyuta, kisha uyafungue uone kama yote yanafunguka. Wenye kompyuta ya Windows wanaweza kutumia programu ya bure iitwayo H2testw, inafanya kazi hiyo hiyo.

UKISHAPIGA, TUNZA

Shoga'angu mwishowe alichukua Canon ya mtumba yenye tundu la maiki, na maiki ndogo ya kubana. Haina 4K. Jumapili ile ile alimkalisha mama yake karibu na dirisha na kumuuliza swali moja tu: "Mama, siku ya sendofu yangu, baba aliniambia nini?" Bibi akacheka, akasema kumbe na wewe hukusikia. Akazungumza dakika arobaini, na aliyoyakumbuka yako sasa kwenye kadi, kwa sauti inayosikika. Sauti ya mzee haitarudi. Ya bibi haijapotea.

Lakini kadi siyo kabati. Siku hiyo hiyo hamishia kwenye kompyuta au diski ya nje, kisha nakala nyingine ikae nyumba tofauti, kwa dada au kwa kaka. Wizi na moto havibishi hodi kwenye nyumba mbili usiku mmoja. Usitegemee ile uliyotuma kwenye WhatsApp. Ikipita huko hubanwa na kupungua ubora. Ile ya kamera ndiyo yenyewe.

Na kila unapoanza kurekodi, sema kwa mdomo wako: leo ni tarehe fulani, mwaka fulani, tuko mahali fulani, anayezungumza ni fulani binti fulani. Miaka 30 ijayo atakayeiona atakuombea dua.

Kama nawe una mikanda ya VHS chini ya kitanda, usiiache ikaozea huko. Kampuni ya Funai ya Japan, iliyokuwa ya mwisho inayojulikana kutengeneza deki mpya za VHS, iliacha mwezi Julai 2016. Deki nzima zinapungua kila mwaka, na ukungu wa pwani haupumziki. Tafuta mwenye deki inayofanya kazi, mikanda ihamishwe, na simamia mwenyewe: mwambie fundi asiweke wimbo wowote juu yake!

Haya, kwa leo niishie hapo. Jumapili hii, kabla hata hujaenda Kariakoo kuulizia bei, shika simu uliyonayo, zima feni, mwulize mzee wako alizaliwa wapi na nani alimpa jina lake. Halafu wewe nyamaza. Wiki ijayo, tukijaliwa, tunarudi jikoni: namna ya kupika pilau isiyoungua chini. Alamsiki.